Digrii ya lugha za kigeni: jibu kwa mleta uzi ambaye mzee wake amegoma

Mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu ya wakuu waliotangulia. Kwa anayeingia sasa hivi: mdogo wake wa kike amemaliza kidato cha sita mchepuo wa KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa), amefaulu vizuri, anataka kwenda kusoma Kifaransa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzee wao amegoma. Anasema lugha mtu anajifunza jioni kwa miezi sita, digrii aichukue kwenye uhasibu. Wachangiaji kadhaa wamemuunga mkono mzee, na wengine wameongeza kwamba simu sasa hivi inatafsiri kila kitu, kwa hiyo hata hiyo miezi sita ni ya nini.

Naandika kwa urefu kwa sababu hiyo ndiyo njia niliyopita mwenyewe: KLF, kisha Kifaransa na isimu, yaani elimu ya muundo wa lugha, pale Mlimani, kisha ofisi ya mizigo mjini, kisha tafsiri na ukalimani, kazi ambayo ndiyo inayonilisha na kusomesha wanangu. Msimamo wangu ni kwamba mzee amepindua mpangilio. Lugha ndiyo inayotaka miaka ya chuo. Fani ya kuingia nayo sokoni, iwe uwakala wa forodha, uongozaji wa watalii au kutunza hesabu za ofisi ndogo, ndiyo inayoweza kusomwa jioni au kushikwa kazini.

Lakini nianze na pale ambapo mzee yuko sahihi, maana pako. Mdogo wako angesema anataka kwenda Ujerumani kusomea uuguzi kwa ule mpango wa Ausbildung, mafunzo ya ufundi na kazi ya kule, ningemwambia asikae chuoni miaka mitatu kwa ajili hiyo. Aende Goethe, taasisi ya Kijerumani pale Upanga, akazane afike daraja la lugha la B1 au B2 linalodaiwa, afanye mtihani, aondoke. Kijana anayetaka kuongoza watalii wa Kifaransa kule Serengeti anahitaji kozi nzuri, mazoezi mengi, na kuwajua wanyama na ndege kwa majina yao. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepanda ndege kwenda Guangzhou au Yiwu kufuata mzigo, Kichina cha sokoni kitamtosha kupatana bei. Hao wote wanaitaka lugha ya kuzungumza, na lugha ya kuzungumza hujengwa kwa kuzungumza. Digrii haina kikubwa cha kuwaongezea.

Sasa twende bandarini, kwa sababu ndiko nilikoanzia kazi.

Sehemu kubwa ya mzigo unaoshuka bandari ya Dar si wa kwetu. Unakwenda Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi. Ofisi iliyoniajiri ilikuwa ya wakala wa forodha, ghorofani huku karibu na Posta, na wateja wake wakubwa walikuwa wa Lubumbashi na Bujumbura. Mzigo wa Lubumbashi unatoka hapa kwa lori, unavuka Tunduma kuingia Nakonde, unaikata Zambia, unaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mteja mwenyewe anaongea Kiswahili. Kina ladha yake, lakini ni Kiswahili, na katiba ya Kongo inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Kwa hiyo simu zote tulipigiana kwa Kiswahili, tukaulizana habari za watoto na za mvua. Karatasi zote zikaja kwa Kifaransa, kwa sababu lugha rasmi ya dola ile ni Kifaransa: cheti cha FERI cha taarifa za mzigo, kinachotolewa na OGEFREM, mamlaka ya Kongo ya usimamizi wa mizigo, ambacho mzigo wa kwenda Kongo hauwezi kukikwepa, barua za benki, mikataba ya mauzo, maswali ya forodha ya kule, madai ya bima.

Pale ofisini walikuwepo wenzangu waliokuwa wamepita kozi za jioni. Waliongea vizuri, mmoja wao kwa ulimi mwepesi sana. Mteja akifika walimpokea, wakamweleza mzigo wake umefika hatua gani, wakamaliza naye. Ilipokuja barua ya kurasa nne kutoka kwa mwanasheria wa mteja, yenye sentensi inayoanzia juu ya ukurasa na kuishia katikati, masharti ndani ya masharti, waliileta mezani kwangu. Hawakuwa na akili pungufu. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikizifumua sentensi za namna ile: kitenzi kikuu kiko wapi, kishazi hiki kimeegemea nini, hali hii ya kitenzi inasema jambo limetokea, au inasema inadaiwa kwamba limetokea. Kifaransa kina hali za vitenzi zinazotenganisha jambo lililothibitishwa na jambo linalosemwa tu, na kwenye barua ya madai tofauti hiyo ni fedha. Anayeandika kwamba mashine zimefika zimevunjika na anayeandika kwamba inasemekana zimevunjika hawajibiwi barua moja.

Halafu kuna kujibu. Barua rasmi ya Kifaransa ina adabu zake: namna ya kufungua, namna ya kumtaja mtu kwa cheo, na fungu la kufungia ambalo lisipolingana na cheo cha unayemwandikia linasomeka kama dharau. Chuoni tuliziandika barua hizo, zikarudi zimejaa wino mwekundu, tukaandika tena. Wakati ule niliona ni mateso. Ofisini, meneja akisimama nyuma ya kiti anasubiri jibu la mteja aliyekasirika, niliandika bila kusita, na nikajua ule wino ulikuwa wa nini. Lipo pia jambo dogo tulilolipata kwenye darasa la isimujamii: Wakongo na Warundi hutaja sabini na tisini kwa namna ya Wabelgiji, tofauti na Wafaransa. Anayepokea namba za kontena kwa simu analihitaji jambo hilo kila siku ya kazi.

Wengi wanadhani digrii ya lugha ni kozi ya jioni iliyorefushwa. Ukiingia darasani unakuta kitu kingine. Kwenye fonetiki unafundishwa ulimi ukae wapi na hewa ipite wapi, mpaka unaweza kujisahihisha mwenyewe bila mwalimu. Kwenye sintaksia unafundishwa jinsi lugha yoyote inavyojengwa, na hapo ndipo Kiingereza ambacho tangu kidato cha kwanza nilikuwa nakikariri kilipoanza kunikalia kichwani kwa mpangilio. Kwenye tafsiri tulipewa aya moja, kila mtu akaja na ya kwake, kisha tukatakiwa kuitetea mbele ya darasa neno kwa neno. Mabishano yaliendelea hadi kwenye vimbweta, jua linazama, watu wameshikilia kamusi. Huko ndiko nilikojifunza kazi hii kweli.

Na kuna utajiri ambao hatukujua tumekuja nao. Kwenye isimu kila mmoja alitakiwa kuleta mifano ya lugha ya kwao: Wasukuma, Wahaya, Wachaga, Wamakonde. Nilikuja kuona kwa waliokwenda upande wa Kichina kwamba aliyekulia kwenye Kihaya au Kisukuma, lugha zenye toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, alizisikia toni nne za Kichina mapema kuliko sisi tuliokulia Kiswahili cha Temeke, ambacho toni hakina. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia yule kijana kwamba lugha ya bibi yake ni mtaji wa darasani.

Fasihi nayo naitetea, maana kuna aliyeandika humu kwamba ni hadithi tu. Sehemu kubwa ya bara hili imeandika mawazo yake kwa Kifaransa. Senegali, Kameruni, Kodivaa, Aljeria, na Kongo ambayo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wasiosoma Kifaransa miongoni mwetu wanazipata fikra za jirani zetu kwa kupitia London, zikiwa zimechaguliwa na mtu mwingine kwa sababu zake. Kwangu ilikuwa furaha kubwa kuwasoma Wakameruni wenyewe, kwa maneno yao, wakiwasema wakoloni wao na viongozi wao. Hiyo furaha haina mshahara, na sitaki kujifanya kuwa haikuwa na maana kwa sababu haina mshahara.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Mdogo wako akienda kusoma Kifaransa na kukiacha Kiswahili nyuma, ile digrii itamlipa nusu.

Angalieni kazi zenyewe zinavyodai. Idhaa za Kiswahili za redio za nje: ya China ipo tangu 1961, ya DW kule Ujerumani tangu 1963, na ya RFI ya Ufaransa ilianza 2010 hapahapa Dar es Salaam. Mtangazaji wa huko anapokea habari kwa lugha ya wenye redio, na muda mfupi baadaye anatakiwa kuitoa kwa Kiswahili kitakachoeleweka kwa mvuvi wa Mafia na kwa mwalimu wa Bukavu. Njooni kwenye jumuiya zetu. SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne kwenye mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika hapa Dar Agosti 2019, kikaungana na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliamua 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia. Mwaka huohuo wa 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Nyumbani, sheria ilibadilishwa 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama.

Kila uamuzi wa namna hiyo unazaa karatasi. Ajenda, kumbukumbu za vikao, itifaki, hukumu, vielelezo. Karatasi ya Kifaransa au ya Kireno inatakiwa iingie kwenye Kiswahili moja kwa moja, na watu wa kuifanya kazi hiyo ni wachache mno. Wengi wanaojua Kifaransa hukipitisha kwanza kwenye Kiingereza kichwani, ndipo wakiteremshe kwenye Kiswahili, na msomaji anaonja tu: maneno ni ya Kiswahili, mifupa ni ya Kiingereza. Mtu anayejua lugha ngeni vizuri na Kiswahili chake kikawa cha mtaani pekee ni sawa na fundi mwenye mashine mpya ya kushonea asiye na kitambaa.

Ukienda Arusha kwenye mikutano ya jumuiya, au Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, utawakuta wakalimani kwenye vibanda vya vioo. Wanakaa wawili wawili, wanapokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu akili ya mtu haiwezi kusikia lugha moja na kusema nyingine kwa muda mrefu bila kuchoka. Mle ndani, kinachomtoa mtu jasho mara nyingi ni Kiswahili. Mjumbe anataja nakisi ya bajeti, haki ya rufaa, taka zenye sumu, vikwazo visivyo vya kiforodha, na istilahi lazima ije mdomoni papo hapo. Hukumbuki neno, sekunde tatu zimepita, mjumbe ameshafika kwenye hoja nyingine. Mimi nilijijenga kwa kusoma Hansard za Bunge letu. Wabunge wanajadili madini, afya, mikopo ya nje, uvuvi, kila kitu, kwa Kiswahili, na maandishi yanapatikana. Nilikuwa nachukua mjadala wa bajeti ya wizara moja huku, na taarifa ya Kifaransa ya jambo hilohilo huku, naziweka kando kwa kando. Pia nilikaa kwenye madarasa ya Kiswahili ambayo hayakuwa kwenye masomo yangu ya lazima, na istilahi za BAKITA nilizifuatilia kila zilipotoka. Wenzangu walishangaa mwanafunzi wa Kifaransa anafuata nini huko. Kazi nyingi nilizopata baadaye zimetokana na hicho walichokishangaa.

Niguse jambo lingine ambalo katika uzi huu hakuna aliyeligusa, nalo linaniuma.

Nina rafiki niliyesoma naye isimu, yeye akaenda upande wa Kijerumani, akaanzia madarasa ya Upanga na kuendelea hadi uzamili Ujerumani kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo. Alinipeleka Nyaraka za Taifa, hapohapo Upanga, kunionesha anachofanyia kazi. Mafaili ya serikali ya Wajerumani yamo mle: ardhi, kodi, mashamba ya mkonge, kesi, barua za maafisa wa wilaya, taarifa za enzi ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mengi yameandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa zamani unaoitwa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo wa kawaida hausomi bila kufundishwa. Majina ya watu wetu yamo: majumbe, maakida, wapagazi, wafungwa, watu waliopokonywa mashamba. Rafiki yangu aliweka kidole chini ya mstari akanisomea jina la kijiji cha Uluguru ambacho ninakijua, watu wake wanatajwa kwa idadi ya kodi wanayodaiwa.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa enzi zile. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, imesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin. Mazungumzo ya kurudisha mabaki ya watu wetu na mali zetu yatakaa mezani miaka mingi, na ushahidi mwingi umeandikwa Kijerumani. Nataka wawepo Watanzania watakaokaa upande wetu wa meza wakiusoma wenyewe, bila kusubiri mtafiti wa nje aje awaambie kilichoandikwa kuhusu babu zao. Kufika pale kunataka sarufi, historia, mwandiko wa zamani, lugha ya sheria ya enzi hiyo. Yule rafiki amefanya kazi hiyo miaka na bado anajiona yuko mlangoni. Vivyo hivyo kwa Kiarabu: maktaba ya Mlimani ina hazina ya miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, tenzi na barua za watu wa pwani, na anayetaka kuisoma vizuri Kiarabu ni lazima.

Kuhusu simu na programu za tafsiri, nazitumia, na nitakuwa muwazi kuhusu zilichobadilisha. Barua pepe fupi ya kuuliza bei, tangazo, maelekezo ya kutumia mashine: watu hawaleti tena kwangu, na sidhani kama zitarudi. Kazi ya anayejua lugha kidogo imepungua sana. Lakini mtu anayepeleka mahakamani au ubalozini cheti cha ndoa kilichotolewa Bujumbura anadaiwa tafsiri yenye jina la mtu, sahihi na muhuri, mtu anayeweza kuitwa akaulizwa. Na programu haikuoneshi ilipokosea. Sentensi iliyokosewa inatoka kwa ufasaha uleule wa sentensi sahihi, imenyooka, inapendeza, na inasema kinyume cha mkataba. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukagua tafsiri ambazo tayari mashine imezifanya, na ukaguzi unadai ujuzi mwingi kuliko kutafsiri kwa mkono, kwa sababu unalitafuta kosa lililofichwa vizuri. Kwa hiyo wakuu mnaosema simu imeua digrii ya lugha, nilichokiona kazini ni kwamba imeibana kozi ya miezi sita kuliko ilivyoibana digrii.

Kuna waliouliza kwa nini asichague Kichina, soko liko huko. Taasisi ya Confucius ipo Mlimani tangu 2013 na walimu wapo. Soko lipo kweli, kwenye ujenzi, viwanda na maduka ya jumla. Ila hapo napo wamo wa aina mbili. Mkalimani wa saiti anayepeleka maneno kati ya msimamizi na vibarua, kazi ya heshima kabisa lakini ya vipindi, mradi ukiisha naye anaanza kutafuta upya. Na anayeweza kusoma mkataba wa Kichina akasema kifungu hiki kinatuumiza. Kwa mfumo wa HSK, mtihani wa Kichina wa wageni, ulioanza 2010, daraja la nne linadai maneno 1,200 na la sita 5,000, na kati ya hayo mawili ndipo watu wengi wanapokomea. Mdogo wako ana msingi wa Kifaransa tayari na anakipenda. Sioni sababu ya kumrudisha mwanzo kwa lugha ambayo hakuiomba.

Sitaki aingie chuoni na picha ya uongo. Matangazo ya kazi yanayosema "anatakiwa mwenye digrii ya Kifaransa" ni adimu nje ya ualimu. Kifaransa huwa kimekaa ndani ya tangazo la kazi nyingine: afisa wa usafirishaji, msaidizi wa ubalozi, mratibu wa mradi wa kanda, hoteli, shirika la misaada lenye ofisi Bukavu au Bujumbura. Anatakiwa aitafute kwa jina hilo la kazi, siyo kwa jina la digrii. Na wapo waliomaliza na GPA za kupendeza ambao mazungumzo ya dakika kumi yaliwashinda, kwa sababu walisoma kwa madesa: maswali ya miaka iliyopita, majibu ya kukariri, anafaulu, anasahau. Darasa lina watu wengi na nafasi ya kila mmoja kufungua mdomo ni finyu. Kinywa lazima akitafutie mazoezi nje.

Dar inamruhusu kufanya hivyo kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii. Alliance Française iko Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ina maktaba na filamu. Kariakoo imejaa wafanyabiashara wa Kongo na Burundi. Wakomoro wapo mjini hapa miaka yote. Ajiwekee tu kwamba haongei nao Kiswahili mpaka biashara iishe, na watafurahi.

Mtihani wa DELF B2, ule wa kimataifa wa Kifaransa, aufanye kabla ya kumaliza mwaka wa tatu, wakati Kifaransa bado kina moto. Una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kwa jumla na usipungukiwe na 5 kwenye sehemu yoyote. Cheti chake hakiishi muda, na mwajiri wa nje ambaye hajui GPA ya kwetu inasemaje anakielewa mara moja. Fildi asiende shuleni kwa sababu tu ndiko wenzake wote wanakoenda. Aombe kwa wakala wa forodha, kampuni ya malori, ofisi ya mwanasheria mwenye wateja wa Kongo, akubali hata kupanga mafaili, maana kwenye mafaili ndiko Kifaransa cha kazi kilikolala. Akimaliza, pale Chuo cha Kodi wanatoa cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki. Ni kozi fupi. Mtu mwenye cheti hicho na Kifaransa cha kuandikia, kwenye mji wenye bandari hii, hakai na CV mkononi muda mrefu. Akivutiwa na ukalimani, Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa fani hiyo, na hauko mbali.

Tukirudi kwa mzee. Mimi sidhani kama tatizo lake ni Kifaransa. Ana binti mmoja aliyefaulu, ada ni yake, na anaogopa amalize akae nyumbani. Hofu hiyo ni halali na mdogo wako asiijibu kwa kununa. Kama anataka kumpa mzee kitu cha kushika, aangalie shahada ya sanaa na ualimu, Kifaransa na Kiswahili vikiwa masomo yake mawili ya kufundishia, na aulize idarani mapema kama mchanganyiko huo unapokelewa mwaka anaoomba. Atatoka na ualimu mkononi, na lugha mbili ambazo kila moja inahitaji nyingine. Hesabu za msingi azisome likizo, mzee mwenyewe ndiye amchagulie chuo. Nadhani wakikaa mezani na pendekezo la namna hiyo watafika mahali. Dirisha la maombi likiwa bado wazi na akitaka kuuliza lolote kuhusu masomo ya mwaka wa kwanza, aandike hapahapa, nitamjibu.